Haki ya Kutembelewa

Katika mtaa ule hakukuwa na mwanamke aliyeijua sheria kumshinda Bi Birika, na hili nalisema kifua mbele, bila kuogopa kupingwa. Wanawake wengine wa mtaa walikuwa na kazi za kufanya. Na sheria yenyewe, tukitaka ukweli, aliijua kwa nusu ya sikio, maana nusu nyingine ilikuwa inasikiliza kama maji yameanza kuchemka.

Maisha yake ya kazi aliyamalizia mahakamani, akipika chai. Alikuwa na birika kubwa la bati, mpini wake umeviringishwa kitambaa, na birika hilo ndilo lililompa jina. Jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Aliingia chumba hiki akatokea kile, na popote alipoingia wakubwa waliendelea na maneno yao, kwani nani anayenyamaza kwa sababu ya chai? Basi naye akawa anaokota. Leo kipande cha hukumu, kesho hoja ya wakili, na jioni anavimwaga vyote mbele ya mumewe kama mtu aliyetoka sokoni. Mumewe alikuwa msikilizaji mzuri. Alicheka palipostahili na pasipostahili.

Kipande alichokipenda kupita vyote alikiokota siku ya kesi ya kisima. Mtu mmoja alimgawia nduguye kisima kilichokuwa katikati ya shamba, kisha akamkataza kukanyaga shamba. Wakili wa yule ndugu, kijana mwembamba mwenye suti iliyomzidi, akasimama na kusema kwamba aliyepewa kitu amepewa pamoja nacho kila kile ambacho bila hicho kitu chenyewe hakina maana. Hakihitaji kuandikwa. Kimo humo humo, kama sukari ilivyomo ndani ya chai ingawa ukichungulia kikombe huioni. Hayo ya sukari aliyaongeza Bi Birika mwenyewe alipofika nyumbani. Wakili hakuwa na habari ya chai, aliiacha ikapoa mbele yake.

Mumewe alipofariki, zamu ya kuhukumiwa ikamfikia yeye. Wadogo wa marehemu walitaka kujua mapema nani ana nini, shauri likapelekwa mahakama ile ile aliyoipikia chai, na hukumu ikatoka fupi kama salamu ya simu. Nyumba ni ya mtoto wa marehemu, naye ataitunza. Mjane atakuwa na haki ya kuishi katika chumba cha nyuma maisha yake yote. Basi, nukta, wakaenda kula.

Mtoto wa marehemu alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza kwanza, fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Bi Birika alikuwa mama yake wa kambo. Aliingia nyumba ile Fundi akiwa kijana wa sekondari, mrefu, mkimya, anayekula haraka ili aondoke mezani. Hawakuchukiana hata siku moja. Ni kwamba hawakuwahi kuzoeana kuongea. Baba ndiye aliyekuwa akibeba maneno katikati yao kama mtu abebaye sinia. Fundi akilalamika kwamba chumvi imezidi, baba alifika jikoni akasema mwanao amesifu mchuzi, ila kesho punguza chumvi kidogo. Mama akinung'unika kwamba mtoto huyu amenuna kama paka aliyemwagiwa maji, baba alikwenda sebuleni akasema mama yako mdogo anauliza kama una njaa. Mbeba sinia alipokufa, sinia ikabaki sakafuni, na kila mmoja akawa anaikwepa.

Wageni wa msiba walirudisha viti vya kuazima, wakaondoka. Haukupita muda, mke wa Fundi, ambaye alikuwa muuguzi, akahamishiwa kituo cha mbali, na watoto wakamfuata. Ikabaki nyumba ya mbele na Fundi wake, chumba cha nyuma na bibi yake, na katikati ua uliojaa friji mbovu. Ukihesabu walio hai na waliokufa, friji ndizo zilizokuwa nyingi.

Chumbani mwake Bi Birika alikuwa na kitanda, stuli, jiko dogo na dirisha linalotazama ua. Asubuhi alipika chai ya watu wawili kwa mazoea ya mkono. Alikunywa kikombe chake, akakaa anakitazama cha pili, kisha akakinywa nacho, kwa kuona haya kukimwaga. Alianza kuongea peke yake. Kwanza aliongea na birika, kwa kuwa birika hata kama halijibu, angalau linapumua. Baadaye akawa anaongea na redio, na redio ilikuwa na adabu mbaya, haimsubiri mtu amalize.

Basi siku moja Fundi akajenga karakana ubavuni mwa nyumba, na kwa kujenga akaziba ujia wa kufikia chumba cha nyuma. Hakufanya kwa ubaya. Alihitaji ukuta, na ujia ulikuwa pale pale ukuta ulipotakiwa. Alimwambia Bi Birika, au tuseme aliliambia dirisha lake kwa mbali, kwamba sasa apitie karakanani. Bi Birika akawa anapitia karakanani, akijibanza kati ya friji na friji, mfuko wa soko ameuinua juu ya kichwa, mpaka siku gauni lake liliponasa kwenye bawaba. Alisimama pale, haendi mbele wala harudi nyuma, anasubiri mtu wa kumnasua. Hakuna aliyekuja. Akajinasua mwenyewe, gauni likachanika, na hakwenda hata kubadilisha. Alikwenda barazani na tundu lake.

Baraza la usuluhishi lilikuwa katika jengo lililokuwa posta zamani. Karani alikaa nyuma ya dirisha la kuuzia stempu, na hakimu alikaa chumba cha ndani, palipokuwa pakilala vifurushi. Hakimu huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mafua yasiyoisha na leso isiyotoka mkononi, na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna karani aliyethubutu kuugusa: kila upande uingie peke yake, na mwingine asubiri nje, kwenye benchi. Alisema amechoka na watu wanaosikiliza uongo wa mwenzao kisha wanautafutia kifuniko.

Aliisoma ile hukumu ya mistari miwili, akaigeuza nyuma kama anayetafuta mabaki, akasema haitaji njia. Imetaja chumba tu. Bi Birika akamsimulia kesi ya kisima, na sukari yake akaitia. Hakimu alipenga kamasi huku mabega yakitikisika, na haikujulikana kama ni mafua au ni kicheko. Kisha akamwita Fundi. Naye Fundi hakuwa mjinga. Akasema hukumu imempa kazi ya kuitunza nyumba, na mtunza nyumba anajenga, na anayejenga anaziba hapa na pale. Hakimu akakubali kwamba ni kweli, kazi ya kutunza inabeba ndani yake nguvu ya kujenga hata kama haikuandikwa. Ila nguvu isiyoandikwa, alisema, isije ikaila haki iliyoandikwa. Mama huyu amepewa chumba, hakupewa mabawa. Toboa mlango.

Fundi akatoboa mlango, mzuri, wenye kizingiti cha saruji, na shauri likaisha. Ushindi huo ungemtosha mtu mwingine. Lakini Bi Birika alirudi chumbani na kitu kingine alichokuwa hakukitafuta, nacho ni benchi.

Benchi la baraza lilikuwa fupi. Watu wawili wakikaa, lazima viwiko vigusane. Walikaa pale yeye na Fundi wakisubiri kuitwa, kiwiko kwa kiwiko, na tangu msiba ulipoisha hakuwa amekaa ubavuni mwa mtu. Fundi alinuka sabuni na gesi ya friji. Alipumua kwa pua kama baba yake. Na baraza lilipokwisha, kwa kuwa nyumba ni moja, iliwabidi warudi njia moja, Fundi mbele, yeye nyuma, na walipofika penye bomba lililopasuka Fundi aligeuza shingo nusu akasema, "Kuna tope hapo, mama mdogo."

Maneno hayo Bi Birika alikwenda nayo mpaka chumbani, akayakalisha kwenye stuli ya pili. Kuna tope hapo. Aliyarudia wakati chai inachemka. Siku zilipopita yakaanza kuchakaa, akaona ni lazima apate mengine.

Unaweza kusema angemwita tu akamkaribisha chai. Hata yeye alijiambia hivyo. Alifika mpaka mlango wa karakana siku moja, akamkuta Fundi ameingiza kichwa chote ndani ya friji, akamtazama mgongo, akatafuta neno la kuanzia. Hakulipata. Kwa mtu asiyezoea kuongea naye, mlangoni unasimama na kusema nini? Lakini barazani neno la kuanzia lilikuwa tayari, limepigwa na muhuri juu: mlalamikaji na mlalamikiwa. Akarudi chumbani akaanza kuikagua ile hukumu upya, kama mama anayepekua mifuko ya suruali kabla ya kufua.

Mifukoni hakukosa kitu. Friji za Fundi zilikuwa zimepangwa juu ya friji mpaka zikalifunika dirisha lake, na ndani mchana ukawa kama jioni. Haki ya kuishi chumbani bila mwanga wala hewa, alimwambia hakimu, ni haki ya viazi. Hakimu akaandika, na friji zikahamishwa. Siku hiyo kwenye benchi Fundi alimuuliza kama amekula, na njiani wakaongea habari za mvua mpaka getini.

Akanogewa, na kunogewa ndiko kulikomponza. Mara ya tatu alikwenda kudai asalimiwe. Alijenga hoja yake kwa makini: mtu akiwekwa chumbani na asisalimiwe, basi hajapewa pa kuishi, amewekwa kama mzigo, na hukumu haikusema kuwekwa. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Kisha akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomuumiza, kwamba kuna vitu vimo ndani ya haki na kuna vitu viko kando yake, na ingawa vya kando pengine ndivyo bora, yeye kazi yake ni ya vile vya ndani. Anaweza kumwamuru mtu abomoe ukuta. Hawezi kumwamuru amwambie mwenzake umeamkaje, maana salamu ya amri ya baraza si salamu tena, ni kodi. Akamwonya pia. Akija tena na jambo la hewani, faili litafungwa kabisa, na likifungwa hatalifungua.

Siku hiyo Fundi hakuitwa. Bi Birika alikaa kwenye benchi peke yake kidogo, viwiko vyake vikiwa na nafasi tele, kisha akarudi nyumbani akikanyaga tope.

Alijikaza kisabuni, akakaa mbali na baraza kwa muda mrefu. Chai ya watu wawili ikaendelea. Halafu mwizi akaingia uani mchana kweupe akaiba mitungi ya gesi ya Fundi, na Fundi akafunga geti kwa kufuli, akabandika tangazo kwamba mgeni yeyote wa nyumba hii asiingie mpaka amwone fundi kwanza. Bi Birika alilisoma tangazo lile akiwa ametoka dukani. Akalisoma tena. Mgeni yeyote wa nyumba hii. Moyo ukamdunda kama wa msichana aliyeona posa inakuja.

Akaenda barazani kudai haki ya kutembelewa.

Karani, ambaye alimfahamu tangu enzi za birika, alimtazama juu ya miwani akamuuliza kama ana hakika, kwa sababu hakimu leo ameamka na kichwa. Bi Birika akasema haki haisubiri kichwa cha mtu kipone. Fundi akaitwa, akaja na surupwenye lake la kazi, akaketi kwenye benchi. Viwiko vikagusana. Bi Birika alijisikia joto upande ule mmoja, akatamani hakimu achelewe. Hakimu hakuchelewa.

Ndani alisimama akaongea vizuri kuliko siku zote. Alisema geti ni la Fundi na kufuli ni la Fundi, na yeye hayagombei. Mtunza nyumba asipofunga geti atakuwa anatunza nini? Lakini chumba alichopewa si sanduku. Hata mfungwa ana siku ya kutembelewa, tena imeandikwa. Mtu akipewa pa kuishi maisha yake yote, basi amepewa na mlango wa kugongwa, kwa sababu pasipogongwa hata siku moja, mtu ataishije humo na watu wajue kwamba bado anaishi?

Hakimu aliacha kuandika. Alisema hili si la hewani hata kidogo. Hapa kuna nguvu isiyoandikwa ya huyu na haki isiyoandikwa ya yule, zimekutana kwenye geti moja, na lazima mtu apime ipi ipishe. Uso wake ulichangamka, mafua yakasahaulika. Akavuta karatasi mpya akauliza, kama jambo dogo tu la kujaza nafasi, "Na huyo aliyezuiwa ni nani?"

Katika kuipanga hoja yake yote, mgeni mwenyewe alikuwa hajampanga.

Hakuna aliyezuiwa. Hakuna aliyekuja. Tangu viti vya kuazima viliporudishwa, geti lile halikuwahi kumleta mtu wa kumtafuta yeye, liwe na kufuli au lisiwe nalo. Angeweza kusema hivyo. Faili lingefungwa, na benchi lingebaki pale pale posta likikaliwa na watu wengine.

"Ni rafiki yangu," alisema. "Tulifanya kazi pamoja mahakamani. Alikuwa mfagiaji."

Kwa kuwa uongo ukianza kwa ukweli huteleza vizuri, akaendelea. Ni mwanamke mfupi, mnene mnene, goti lake la kushoto bovu, anatembea akichechemea. Huja kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwa miguu, anapumzika njiani kila penye kivuli. Ijumaa iliyopita Fundi alimrudisha getini. Na rafiki huyo alikuwa mtu wa kweli kabisa, goti na vyote. Walikula pamoja kwenye ngazi za nyuma za mahakama miaka mingi, wakiwasengenya mawakili kwa viatu vyao. Ila alihamia kwa mwanawe mji mwingine, na namba yake ya simu sasa inapokelewa na kijana mmoja anayeuza viatu, kijana mpole, ambaye Bi Birika ameshampigia mara kadhaa kwa makosa ya makusudi mpaka amezoea kumwita bibi.

Hakimu aliandika yote. Akasema kama mambo ni hayo, shauri lina miguu. Kilichobaki ni kumsikia Fundi. Akikiri kwamba alimzuia mgeni, ataamua ipi kati ya haki na nguvu ipishe. Akikana, na ikaonekana kwamba hakuna mgeni, basi mama anajua alichoonywa. Akamwomba atoke, na karani amletee maji ya moto kabla ya kumwingiza mwingine.

Bi Birika alitoka. Ndipo alipoiona vizuri hesabu yake: katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua nani ameingia na nani hajaingia katika lile geti, naye ni mwenye ufunguo. Amekaa pale kwenye benchi, anajikuna kidole chenye kovu, anasubiri kuulizwa.

Aliketi. Fundi akasogea kidogo kumpisha, ingawa hapakuwa na pa kusogea.

Karani alipita na kikombe cha maji ya moto, akaingia ndani. Wakabaki wawili. Ukutani palikuwa na tangazo la zamani la posta, la kuwataka watu wasilambe stempu mbele ya wateja wengine. Bi Birika alilisoma lote.

"Karani ameniambia nimemfukuza mgeni wako," Fundi alisema, akiwa anatazama mbele.

"Ndivyo."

"Lini?"

"Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana."

Fundi akatikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza injini. "Ijumaa mchana huwa nipo," alisema. "Huwa nakaa pale pale getini, kuna kivuli."

Bi Birika aliutazama mkono wake, akauona umezeeka, akauficha chini ya mtandio. Alijua kwamba Fundi anajua, na Fundi alijua kwamba amejulikana kuwa anajua, na kati yao sinia ile ya zamani ilikuwa sakafuni. Alitaka kumwambia kitu. Alitaka kumwambia, useme ukweli tu, mwanangu, mimi nimezeeka na upuuzi. Au amwambie, nionee huruma. Au amwambie kwamba anapumua kama baba yake. Maneno yote matatu yalifika kwenye meno kwa pamoja, yakazibana.

"Unapika chai nyingi asubuhi," Fundi alisema. "Nasikia unavyomimina. Mara mbili."

"Ni mazoea."

"Najua. Na mimi bado nakata mkate wa watoto."

Kabla hajapata la kusema, mlango ukafunguka na karani akamwita mlalamikiwa.

Mlango ulifungwa nyuma ya Fundi. Bi Birika alisubiri karani arudi kwenye dirisha lake la stempu, kisha akainuka, akajitia hamnazo, akaenda kusimama pale ambapo mtu aliyezoea kupeleka chai hujua kwamba sauti hutokea: upande wa bawaba, chini kidogo ya kitasa. Karani alimwona. Akavua miwani akaanza kuifuta, na akaifuta kwa muda mrefu.

Ndani hakimu alikuwa anamweleza Fundi. Hakuficha kitu. Alimwambia kwamba hukumu imempa kazi ya kutunza nyumba, na kufunga geti kumo ndani ya kazi hiyo, kwa hiyo kufuli halina kosa. Swali ni moja tu, je, yuko mgeni wa mama aliyefika akazuiwa? Kama hayuko, Fundi aseme hayuko, shauri hili lifungwe leo, aende akatengeneze friji zake, na hataitwa tena barazani kwa jambo la chumba cha nyuma mpaka mwisho wa dunia.

Bi Birika alisikia hakimu akipenga kamasi. Alisikia surupwenye la Fundi likikwaruza kiti. Akafumba macho, kama mtu anayengoja sindano.

"Yupo," alisema Fundi.

Hakimu akamwomba arudie.

"Mgeni yupo, mheshimiwa. Alikuja Ijumaa. Nilimrudisha mimi mwenyewe, na nilikosea."

Nje, Bi Birika alishika ukuta. Alidhani amesikia vibaya, akabadilisha sikio.

Kalamu ya hakimu haikusikika ikiandika. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, huyo mgeni yukoje.

"Yukoje vipi?"

"Umemrudisha mwenyewe, Fundi. Nieleze ulimrudisha nani."

"Mzee mmoja hivi." Fundi alikohoa. "Mzee mrefu, mwembamba. Ana kofia. Mtu wa heshima zake."

"Mwanamume."

"Mwanamume, ndiyo. Rafiki wa marehemu baba, nafikiri, ndiyo maana anakuja kumjulia hali mama."

"Alikuja kwa miguu?"

"Hapana, mheshimiwa. Na baiskeli. Aliiegemeza kwenye geti, nikamwambia mzee, leo hapana, akapanda akaondoka. Kusema kweli aliondoka kasi sana kwa umri wake."

Karani nyuma ya dirisha la stempu aliangusha miwani. Bi Birika alijikuta ameziba mdomo kwa mtandio, na macho yanamtoka machozi, na hakujua machozi hayo yanalia au yanacheka, na wala hakuyauliza.

Ndani, karatasi iligeuzwa. Hakimu akasoma taratibu, neno kwa neno, kwamba mgeni wa mlalamikaji ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye goti bovu, hutembea kwa miguu, na hupumzika kila penye kivuli. Akaiweka karatasi mezani. Akamuuliza Fundi kama ana la kusema kabla hajaandika.

Kiti kikalia. Fundi, ambaye tangu utoto wake alikuwa anakula haraka ili aondoke mezani, safari hii hakuondoka.

"Basi, mheshimiwa," alisema, "walikuja wawili."